Mishiri ya Ulaya Inapimwa, Bakuli la Mtoto Je?

Wazazi wanaonijia na swali hili huja na pakiti mkononi. Ni unga wa uji, au kichupa cha matunda yaliyopondwa kilichonunuliwa supamaketi, na wanataka kujua kama ndani mna masalia ya dawa za kuua wadudu. Ninafanya kazi katika maabara moja hapa Nairobi, upande wa viuatilifu, yaani dawa za kuua wadudu, ukungu na magugu, na mtaani wanajua. Kabla sijajibu huwauliza: tangu Jumatatu mtoto amekula nini? Hapo ndipo chakula chenyewe hutajwa. Malenge na waru. Ndizi mbivu. Parachichi. Uji wa wimbi uliosagwa kwenye kinu cha mtaani. Sukuma wiki iliyokatwa nyembamba, ikapondwa na ugali laini jioni. Ile pakiti waliyoniletea mtoto huionja mara moja moja, mshahara ukiwa umeingia.

Mtoto wa Umoja, wa Kangemi au wa Githurai halishwi na kiwanda. Analishwa na kibanda cha mama mboga, mama mboga ananunua Marikiti au Wangige, na mzigo wa huko umetoka Kinangop, Mwea, Limuru, Loitokitok. Anayetaka kujua kama chakula cha mtoto wa Nairobi kina viuatilifu lazima apime malenge, wimbi na sukuma wiki. Hilo ndilo linalonisumbua, kwa sababu mitambo ya kupima tunayo. Wataalamu tunao. Bakuli la mtoto ndilo lisilokuwa kwenye foleni.

Kwanza nieleze kwa nini mtoto anahitaji kipimo chake. Mwaka 1993 kamati ya Chuo cha Taifa cha Sayansi cha Marekani, ikiongozwa na daktari wa watoto Philip Landrigan, ilitoa ripoti iliyoonyesha kwamba viwango vya viuatilifu kwenye chakula vilikuwa vimewekwa kwa kumfikiria mtu mzima. Mtoto si mtu mzima aliyepunguzwa kimo. Ubongo wake bado unajengwa, ini lake bado halijapata nguvu zote za kuvunja sumu, na kwa uzito wake anakula chakula kingi kuliko sisi. Hebu tupige hesabu. Mtoto wa kilo 8 akimaliza bakuli la gramu 160 za malenge, amekula gramu 20 kwa kila kilo ya mwili wake. Mama yake wa kilo 65 angelazimika kula kilo moja na gramu 300 za malenge kwa mlo mmoja ili walingane. Tena mama angechanganya na vitu vingine. Mtoto wa miezi saba anaweza kula malenge hayo hayo wiki nzima kwa kuwa ndiyo anayoyapenda.

Miaka mitatu baada ya ripoti ile, 1996, Marekani ilipitisha sheria inayodai kinga ya ziada ya mara kumi kwa ajili ya watoto, isipokuwa pawe na ushahidi kwamba kinga ndogo kuliko hiyo inatosha. Ulaya ilichukua njia nyingine, na mimi naipenda zaidi kwa sababu inaeleweka. Chakula cha watoto wachanga kilichotengenezwa kiwandani kisizidi miligramu 0.01 ya kiuatilifu chochote kwa kila kilo. Hiyo ni gramu moja ya dawa ndani ya tani 100 za chakula. Sumu chache kali zaidi zimewekewa kikomo cha chini hata ya hapo, na nyingine haziruhusiwi kabisa kutumika kwenye mazao yatakayokwenda kuwa chakula cha mtoto. Mojawapo ya hizo zilizokatazwa ni omethoeti. Lishike jina hilo, nitalirudia.

Na ushahidi haujatoka kwa panya peke yao. Mwaka 2011 zilichapishwa tafiti tatu za watoto wa New York na wa bonde la Salinas, California, waliofuatiliwa tangu mama zao walipokuwa wajawazito. Mama waliokutwa na kiwango kikubwa zaidi cha viuatilifu vya kundi la oganofosfeti mwilini, watoto wao walipofika umri wa shule walipata alama za chini katika majaribio ya akili. Klorpirifosi ni ya kundi hilo. Mwaka 2019 wataalamu wa usalama wa chakula wa Ulaya walisema hawawezi kutaja kiwango chake chochote kuwa salama, na mwanzoni mwa 2020 Ulaya ikaiondoa sokoni. Mkulima yeyote wa Kenya wa umri wangu anaijua dawa hiyo.

Sasa turudi nyumbani. Dawa husajiliwa na Bodi ya Kudhibiti Bidhaa za Kuua Wadudu. Viwango vya bidhaa ni kazi ya KEBS, shirika la viwango la Kenya. Vikomo vya masalia kwenye mazao tunavichukua kwa sehemu kubwa kutoka Codex, viwango vya kimataifa vya chakula vya FAO na Shirika la Afya Duniani. Codex yenyewe, kwenye kiwango chake cha vyakula vya nafaka vya watoto, inataka masalia yasiwepo, na yasipoepukika basi yapunguzwe kadiri inavyowezekana. Lakini hayo yanahusu pakiti. Nyanya, karoti na sukuma wiki zinazouzwa kwa mafungu hupimwa kwa kikomo cha kawaida cha zao, na kikomo hicho huanza na swali hili: mkulima akifuata maagizo ya chupa vizuri, masalia kiasi gani hubaki? Kisha ndipo huangaliwa kama kiasi hicho kinavumilika kwa mlaji. Kwa kundi la mankozebu, dawa za kuzuia ukungu wa mimea, kikomo cha nyanya huhesabiwa kwa miligramu nzima kwa kilo. Hiyo ni zaidi ya mara 100 ya kile ambacho Ulaya inakiruhusu ndani ya kichupa cha mtoto. Nyanya inaweza kuwa halali sokoni, mkulima asiwe na kosa, muuzaji asiwe na kosa, na bado isiwe nyanya ambayo kiwanda cha chakula cha watoto kingeikubali. Mama wa Kayole anaipika bila mtu yeyote kumwambia tofauti hiyo.

Wengi hudhani kupima ni kuchovya kijiti na kutazama rangi. Acha niwapeleke kazini, kwa sababu ukijua kazi inavyofanyika utajua pia cha kuuliza.

Sampuli ikifika, kosa la kwanza huwa limeshafanyika: mtu ameleta karoti mbili zilizooshwa. Karoti mbili hazisemi lolote kuhusu shamba wala gunia. Mwongozo wa Codex unataka angalau kilo moja na vipande visivyopungua kumi kwa mazao ya ukubwa wa karoti, na kilo mbili na vipande vitano kwa makubwa kama malenge. Tunapima zao kama linavyouzwa, bila kuliosha. Ndizi husagwa na ganda lake. Parachichi hutolewa kokwa tu. Hapo matokeo ya maabara na bakuli la mtoto huachana kidogo, kwa sababu wewe unamenya, na mabaki mengi ya dawa za juujuu huondoka na ganda. Ni habari njema, ila haimo kwenye karatasi ya majibu.

Tunasaga sampuli pamoja na barafu kavu ili iwe unga wa baridi, laini, unaofanana kila mahali. Gramu kumi zake huingia kwenye mrija wa plastiki wenye kifuniko. Tunatia asetonitraili, kimiminika kinachoyeyusha dawa, tunatikisa, kisha tunamimina chumvi mbili, magnesiamu salfeti na chumvi ya kawaida. Hapa mikono lazima iwe na haraka. Magnesiamu ikikutana na maji ya mboga hutoa joto, mrija unakuwa vuguvugu kiganjani, na ukichelewa kutikisa chumvi inaganda kama simenti chini ya mrija na kazi yote inaanza upya. Chumvi zinavuta maji, asetonitraili inajitenga juu ikiwa imebeba dawa. Njia hii ilichapishwa 2003 na Michelangelo Anastassiades, Steven Lehotay na wenzao, na ilibadilisha kazi yetu duniani kote. Kazi ya siku nzima ikawa ya saa chache, kwa kemikali kidogo.

Baada ya hapo ni kusafisha. Sukuma wiki inatoa kimiminika cha kijani kibichi ambacho kingechafua mashine, kwa hiyo tunaongeza kaboni nyeusi inayonyonya rangi. Ukiitikisa na kuizungusha, kijani chote kinatoweka na unabaki na kitu cheupe kama maji. Inapendeza kuiona. Lakini kaboni hiyo hiyo hunasa pia baadhi ya viuatilifu vyenye umbo bapa, thayabendazoli ikiwemo, kwa hiyo ukizidisha kipimo unajiondolea ushahidi. Parachichi lina mafuta, linataka usafi wa aina nyingine. Kisha tone dogo huingia kwenye mashine mbili, ya gesi na ya kimiminika, ambazo hutenganisha dawa moja moja na kuitambua kwa uzito wa vipande vyake. Mbio moja inaweza kutafuta dawa mia kadhaa.

Na hapa ndipo nataka wazazi wasimame. Mashine hutafuta zile ilizoelekezwa kutafuta. Karatasi ikirudi na safu ndefu ya majina, kila moja likiandikwa kwamba halikuonekana, maana yake ni kwamba hayo yaliyotajwa hayakufikia kiwango ambacho maabara hiyo ina uwezo wa kukipima. Isiyotajwa haikutafutwa. Glifoseti, dawa ya magugu inayojulikana kuliko zote, haipatikani kwa njia niliyoieleza kwa sababu inapenda maji mno na inabaki kwenye maji pamoja na chumvi; inahitaji kipimo chake. Mankozebu na ndugu zake nao hawapatikani kwa njia hiyo. Hao tunawachemsha ndani ya asidi pamoja na kloridi ya bati mpaka watoe gesi ya kaboni disalfaidi, kisha tunapima gesi. Sasa, sukuma wiki na kabichi kwa asili yake zina salfa nyingi, na zikichemshwa hivyo zinaweza kutoa gesi hiyo hiyo hata kama hazijawahi kunusa dawa. Mkemia mwaminifu akikuta kiasi kidogo kwenye sukuma atakwambia hawezi kuapa kwamba kimetoka kwenye mankozebu. Na mankozebu ni dawa ambayo wakulima wetu wa nyanya na viazi huitegemea msimu wa mvua. Kwa hiyo, dawa inayopulizwa sana inaweza kuwa ndiyo isiyomo kwenye karatasi yako, na hujui.

Ndiyo maana ukienda maabara, kabla hujatoa pesa, uliza: orodha yenu ina dawa zipi? Kiwango cha chini mnachoweza kupima ni kipi, na kinafika 0.01? Kundi la mankozebu mnalipima? Kipimo hiki kimeidhinishwa na KENAS, shirika linaloidhinisha maabara nchini, chini ya ISO 17025, kiwango cha kimataifa cha maabara, au ni maabara tu kwa jumla iliyoidhinishwa? Asiyetaka kukujibu, ondoka na malenge yako.

Nilisema mitambo tunayo. Mingi yake tulipewa sababu ya kuinunua na mishiri, yale maharagwe machanga ya kijani tunayouza Ulaya. Kabla ya 2013 mishiri na minji ya maganda kutoka Kenya ilikuwa imekutwa Ulaya mara kwa mara ikiwa na kiuatilifu cha dimethoeti kupita kikomo, na kuanzia Januari mwaka huo Ulaya ikaamuru shehena moja katika kila kumi isimamishwe na kupimwa. Kilio kilisikika kuanzia Mwea hadi uwanja wa ndege. Wauzaji wa nje, KEPHIS ambalo ni shirika la serikali la ukaguzi wa mimea, bodi ya dawa, wakulima, kila mtu alikimbia. Mafunzo yalitolewa, daftari za kupuliza dawa zikaanza kutunzwa, na maabara ya KEPHIS kule Karen ikawa na kazi usiku na mchana. Kwenye mmea, dimethoeti huvunjika na kuzaa omethoeti, ile niliyowaomba mshike jina lake. Mtoto wa Rotterdam alilindwa dhidi yake na sheria ya chakula cha watoto, akalindwa tena na ukaguzi wa bandarini. Sioni ubaya wa yeye kulindwa. Nasema tu kwamba mkulima yule yule, kwenye kipande cha pili cha shamba, anapanda sukuma ya soko la ndani, na sukuma hiyo haina mtu anayeisimamisha mlangoni.

KEPHIS hukusanya sampuli za masoko ya ndani pia, na hilo ni jambo jema. Lakini matokeo hayafiki kibandani. Hayafiki kliniki, ambako nesi anamwambia mama aanze mboga na matunda mtoto akifika miezi sita, wala hayasomwi kwa kulinganishwa na kiwango cha mtoto. Tangu 2019, wakati mbunge Gladys Shollei alipopeleka ombi bungeni kutaka dawa zenye madhara ziondolewe sokoni, mjadala wetu umekuwa juu ya dawa ipi ipigwe marufuku. Ni mjadala wa lazima. Ila hata baada ya marufuku, chupa za zamani hubaki stoo za agroveti, nyingine huvuka mipaka, na mtu pekee anayeweza kusema kilichomo kwenye jani ni yule aliyelipima.

Mwaka jana chama cha akina mama wa mtaa wetu kiliamua kulipima. Kipimo kamili kinagharimu zaidi ya kodi ya mwezi ya chumba kimoja huku kwetu, kwa hiyo walichanga kwa mafungu kama wanavyochanga kwa arusi. Mmoja alitaka fedha zote ziende kwenye unga wa uji wa nafaka nyingi, ule wenye wimbi, mahindi, mtama, soya, njugu na omena. Nilimwambia nilichokuwa nacho moyoni: mama, kwa unga huo, kama pesa zinatosha kipimo kimoja, usipime viuatilifu. Pima sumukuvu, aflatoksini. Mwaka 2004 mahindi yenye sumu hiyo yaliua watu 125 katika sehemu za mashariki ya nchi yetu, Makueni na Kitui zikiumia zaidi, na njugu na mahindi ndiyo makao yake. Sumukuvu haitoki kwenye chupa ya mkulima, inatoka kwenye ukungu unaoota shambani na ghalani, na mtoto anayekunywa uji huo kila siku yuko kwenye hatari iliyo karibu zaidi. Napenda sana kazi yangu ya viuatilifu, lakini sitaki imfunike mtu macho asione kilicho kikubwa. Nikamwambia pia aache kuchanganya nafaka sita. Ukisaga wimbi peke yake unajua umeutoa wapi, na ukikutwa na kitu unajua pa kuanzia.

Basi unga ukaenda kwa sumukuvu, na kwa viuatilifu tukapeleka malenge na sukuma wiki za kibanda kimoja ambacho karibu wote hununua. Mama mboga mwenyewe alichanga. Hilo lilinigusa kuliko yote, kwa sababu alikuwa na la kupoteza.

Unga ulitoka salama. Malenge hayakuonyesha chochote katika orodha tuliyotafuta, na sikushangaa, kwa maana malenge yana ngozi nene na wakulima wengi hawayasumbui na dawa. Sukuma ilikuwa na imidaklopridi, dawa ya kuua wadudu. Ilikuwa chini ya kikomo cha biashara tulicholinganisha nacho, na juu ya ile 0.01 ya chakula cha mtoto. Kipimo cha mankozebu kilileta kiasi kidogo cha gesi, na nikawaeleza yale niliyowaeleza ninyi hapo juu, kwamba siwezi kuapa. Walinielewa. Mtu akiambiwa ukweli wote, pamoja na mahali unapoishia, hachanganyikiwi.

Swali lililofuata ni lile linaloulizwa kila mahali: tukiosha? Maji yanayotiririka, huku ukisugua, yanaondoa vumbi na dawa iliyokaa juu. Utafiti wa 2017 uliofanywa Marekani ulionyesha kwamba tufaha likilowekwa kwenye maji yenye baking soda kwa dakika 12 hadi 15, sehemu kubwa ya dawa za juu ya ganda huondoka, zaidi ya maji matupu. Loweka basi, kisha suuza. Lakini imidaklopridi hunyonywa na mizizi na majani, ikasafiri ndani ya mmea pamoja na maji yake. Iko ndani ya jani, na hakuna kuosha kutakakoitoa. Iliyoingia hivyo hupungua tu kadiri siku zinavyopita kati ya kupuliza na kuvuna. Kila chupa ya dawa imeandikwa siku hizo.

Na niseme wazi kabla mtu hajafunga ukurasa huu na kumnyima mtoto mboga: usifanye hivyo. Mtoto asiyepata madini ya chuma na vitamini A anaumia leo, kwa hakika, na majani mabichi, malenge na maharagwe ndivyo vinavyomwokoa. Badilisha mboga. Leo sukuma, kesho terere, keshokutwa kunde au managu, ili dawa moja isirudi kila siku. Menya karoti na waru. Ukiwa na gunia la udongo kwenye baraza, panda mchicha; kule Kibera watu wamefanya hivyo miaka mingi na wanakula. Ila uepuke mboga za kando ya mito yetu ya jijini. Shida ya huko ni maji taka na madini ya risasi, na hilo lina kipimo chake kingine.

Mama mboga alipoona majibu alichukua simu papo hapo akampigia mkulima wake wa upande wa Limuru, akaweka sauti ya juu tukasikia sote.

"Mzee, shikamoo. Ile sukuma ya wiki iliyopita uliipuliza lini?"

Mzee hakuficha. Alipuliza Jumamosi, akavuna Jumanne. "Mama, nisikilize," akasema. "Mnunuzi akiona jani lina tundu anateremsha bei. Lori linakuja Jumanne na Ijumaa. Nikingoja siku za kwenye chupa, jani limekomaa, limekuwa gumu, na nyinyi huko Nairobi hamlitaki."

Sikuwa na la kumjibu, maana ni kweli. Sisi ndio tunaogeuza fungu juu chini kutafuta majani yasiyo na doa, kisha tunakwenda nyumbani kuogopa dawa. Mama mmoja mwenye mtoto wa miezi tisa mgongoni aliinama kwenye simu akamwambia, "Mzee, yenye matundu niletee mimi. Kwa bei ile ile."

Hivyo ndivyo tulivyoanza. Mzee ametenga mistari michache ambayo hataipuliza, na ile mingine anamtumia mama mboga ujumbe wa tarehe aliyopuliza kabla ya kuvuna. Mama mboga anafunga kando zile zisizopulizwa, na wenye watoto wadogo wanajua ni zipi. Zina matundu, na mara nyingine zina viwavi, na tunaviokota. Zao lijalo la mistari hiyo litakwenda maabara pamoja na ndizi.

Lakini mtaa mmoja hauwezi kuilipia Nairobi nzima, wala si haki akina mama wachange kwa kazi ambayo kodi yao imeshailipia. Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya chakula cha kutosha chenye ubora, cha 46 kinampa mnunuzi haki ya habari kuhusu anachonunua, cha 53 kinamtaja mtoto na lishe yake. Kwa hiyo chama kimeandika barua kwa ofisi inayohusika. Inaomba matokeo yote ya masalia ya viuatilifu yaliyopimwa kwenye mboga, matunda na nafaka za masoko ya Nairobi, soko kwa soko. Orodha ya dawa zilizotafutwa na zisizotafutwa. Na kwa kila zao, ni sampuli ngapi zilivuka miligramu 0.01 kwa kilo. Inaomba pia malenge, wimbi, ndizi na sukuma wiki viingizwe kwenye mpango wa kila mwaka kama vyakula vya watoto, na majibu yabandikwe kliniki. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaipa ofisi hiyo siku 21 kujibu. Barua imepigwa muhuri wa kupokewa, na nakala yake iko kibandani. Anayetaka kuiga maneno yake kwa mtaa wake anaruhusiwa.